Gari Chini ya Turubai

Anayetaka kujua mwaka umewaendeaje Wachaga haendi kuuliza benki. Anakaa Himo, kwenye njia panda ya Marangu, kuanzia tarehe 20 Desemba, anahesabu magari. Yanatoka Dar es Salaam, Arusha, Dodoma, Mwanza, mengine Nairobi kupitia mpaka wa Holili. Land Cruiser V8 nyeupe zenye vumbi la safari, Harrier, Crown, Prado, Noah iliyosheheni watoto na magodoro. Na katikati ya msururu huo haikosekani Subaru Impreza ya buluu yenye bawa nyuma, rimu za rangi ya dhahabu, na bomba la moshi ambalo mlinzi wa geti analisikia kabla taa hazijakata kona. Yote yanapanda mlima: Marangu Mtoni, kisha barabara ya Rombo, kisha Mwika, ambako lami inaachana na vijia vyekundu vinavyoingia kwenye vihamba, kati ya migomba, kahawa na ua wa masale.

Kwa wiki 2 hivi Mwika inageuka duka la magari. Watu wanapita kwa jirani kusalimia sikukuu, na salamu ikiisha wanazunguka gari mara moja, mikono nyuma, wakisoma namba kama ni ya D au ni ya E. Januari ikifika, ada za shule zinaita na msururu unashuka.

Si wote. Gari la tatu la mwenye magari matatu mara nyingi linabaki. Mjini halina pa kulala, barabara ya kila siku kwenda kazini halifai, na mwenyewe anasema ni la kutunza. Linasukumwa kwenye banda lililokuwa la ng'ombe, linafunikwa turubai la buluu, na funguo anaachiwa mtunza nyumba. Sura hii inalihusu gari hilo: lile lililotengenezwa machache, lenye nguvu kuliko barabara yoyote inayolizunguka, ambalo mwenyewe hajaamua kama alinunua chombo au alinunua hazina.

Penye mbege, pombe ya ndizi, swali hilo halichukui muda. Meku, yaani mzee, aliyekulia enzi za Peugeot 404 atasema gari lisilotembea ni kibanda cha kuku. Mjukuu wake, anayefuatilia minada ya Uingereza na Marekani kwenye simu, atamjibu kwamba kila kilomita inayoongezeka kwenye dashibodi ni hela inayomwagika. Kinachoufanya ubishi huu usiishe ni kwamba wote wawili wana ushahidi.

Ushahidi wa mjukuu ni McLaren F1. Yalitengenezwa 106 tu, kati ya 1992 na 1998, na dereva anakaa katikati, abiria mmoja kila upande. Agosti 2021, kwenye mnada wa Pebble Beach, California, moja liliuzwa dola milioni 20.465. Lilikuwa limetembea kilomita 390 tangu litoke kiwandani. Kutoka Mwika hadi Dar es Salaam lisingefika, lingeishia njiani. Mnunuzi alilipia hasa kilomita ambazo hazikutembewa.

Ushahidi wa meku unatoka kwa mtu ambaye Mwika nzima inamjua kwa sura: Mister Bean. Rowan Atkinson, mwigizaji wake, alinunua McLaren F1 mwaka 1997 na akalitumia kama gari. Alikwenda nalo kazini, alikwenda nalo dukani, aligonga nalo mwaka 1999, akagonga tena 2011, safari hii vibaya kiasi kwamba bima ililipa zaidi ya pauni laki 9 kulitengeneza, malipo yaliyoandikwa magazetini kuwa makubwa kuliko yote ya aina hiyo Uingereza. Mwaka 2015 aliliuza likiwa na maili 41,000, ambazo ni kilomita kama 66,000. Bei iliyotangazwa ilikuwa takriban pauni milioni 8, mara nyingi zaidi ya alichotoa. Kugonga mara 2 na kwenda sokoni nalo hakukumfilisi.

Mjukuu atasema angelifungia angepata zaidi. Pengine. Lakini angekuwa amekaa miaka 18 akilitazama.

*

Kabla ya kuamua nani kashinda, inafaa kujua kwa nini magari haya ni machache. Watu wengi hudhani kiwanda kilifanya hivyo ili kuyafanya ghali. Siku hizi ni kweli mara nyingi. Zamani sababu ilikuwa nyingine kabisa: kanuni za mashindano. Shirikisho la dunia la mbio za magari lilisema kiwanda hakiwezi kuleta gari la pekee kwenye mashindano; lazima kiuze kwanza idadi fulani ya magari ya namna hiyo kwa raia wa kawaida. Idadi ilibadilika kwa daraja na kwa zama. Porsche walihitaji magari 500 ili 911 Carrera RS 2.7 liruhusiwe. Wauzaji wao wenyewe walihofia kwamba hayatanunulika. Lilioneshwa Paris Oktoba 1972, na ndani ya wiki chache 500 yote yalikuwa yameshapata wenyewe. Mwishowe yakatengenezwa 1,580. Katika daraja la B la miaka ya 1980 yalitakiwa 200. Katika daraja la A yalitakiwa 5,000, baadaye yakapunguzwa hadi 2,500, na hapo ndipo zilipozaliwa Lancer Evolution na Celica GT-Four ambazo vijana wa Moshi wanazitaja kwa namba kama wanavyotaja wachezaji wa mpira.

Kwa hiyo uchache haukuwa pambo. Ulikuwa ni hesabu ndogo kabisa ya magari ambayo mhasibu wa kiwanda alikubali kuyatengeneza ili mafundi wa mashindano wapate kibali. Gari la raia lilikuwa karatasi ya kuingilia uwanjani. Na uwanja wenyewe, kwa magari mengi ya namna hiyo, ulikuwa huku kwetu.

Mashindano ya Safari yalianza 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Hayakuwa na uwanja. Barabara zilikuwa zilezile za malori ya kahawa na mabasi, zikiwa wazi, na baadaye kipindi cha Pasaka, masika yakiwa yamefika. Madereva waliogopa Usambara kwa utelezi na Mbulu kwa matope. Mwaka 1963 yalianza magari 84 yakamaliza 7. Mwaka 1968 yakamaliza tena 7. Mwaka 1966 na 1967 ushindi ulikuja Tanzania, kwa Bert Shankland na Chris Rothwell, wakiendesha Peugeot 404, gari lilelile ambalo kwa miaka iliyofuata lilibeba walimu, maiti, wagonjwa na ndizi kwenye miteremko hii bila mtu kuliita la kukusanywa.

Mfano unaofaa kuwekwa mbele ya mwenye turubai ni wa 1965. Joginder Singh wa Kenya na mdogo wake Jaswant walishinda wakiwa na Volvo PV544 ambalo lilikuwa limeshakimbia Safari ya mwaka uliotangulia chini ya timu ya kiwanda. Ndugu hao walichukua mtumba, wakaufungua wenyewe, wakaufunga wenyewe, wakaondoka kwenye mstari wakiwa namba 1 na hakuna aliyewafikia. Joginder alikuwa fundi kabla hajawa dereva. Alishinda tena 1974 na 1976, na mara zote mbili alikuwa na Mitsubishi Lancer 1600 GSR, gari ambalo kabla ya hapo dunia haikulitilia maanani.

Mwaka 1974 aliyemfuata nyuma alikuwa Björn Waldegård wa Sweden, ndani ya lile lile Porsche Carrera RS 2.7. Mwaka 1973 Porsche walikuwa wameleta mawili kama hayo na yote mawili hayakufika mwisho. Mwaka 1978 walirudi na 911 SC lililoinuliwa hadi karibu sentimita 28 kutoka ardhini; Vic Preston Junior wa Kenya alishika nafasi ya pili, Waldegård ya nne, na mshindi akawa Mfaransa Jean-Pierre Nicolas katika Peugeot 504. Porsche haijawahi kushinda Safari ya ubingwa wa dunia hata mara moja.

Hiyo haikuizuia kuuza kumbukumbu yake. Novemba 2022, Los Angeles, kiwanda hicho kilizindua 911 Dakar, magari 2,500 tu, nguvu za farasi 480, bei ya Marekani kuanzia zaidi ya dola 220,000. Mnunuzi akitaka aliongeza pesa akabandikiwa michoro na rangi za kukumbushia magari yaliyokimbia Safari miaka ya 1970. Kwa kawaida gari hilo liko sentimita 16.1 kutoka ardhini. Ukibonyeza kitufe linajiinua hadi 19.1. Babu yake wa 1978 alihitaji karibu 28. Kijia cha kihamba cha Mwika baada ya mvua ya usiku kingemwambia mwenye Dakar tofauti ya hizo sentimita 9 bila kutumia maneno.

Lakini wengi wa wanaolinunua hawalipeleki kwenye kijia chochote. Wananunua tope bila tope. Hapo mwandishi anakiri kucheka kidogo.

*

Lipo gari moja ambalo lingeweza kumaliza ubishi wa meku na mjukuu, kama wangepata viza ya Japani. Datsun 240Z jekundu lenye namba 11, lililoshinda Safari ya 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, liko kwenye ghala la kumbukumbu la Nissan, Zama, kusini-magharibi mwa Tokyo. Limetunzwa na mibonyeo yake na mikwaruzo yake. Hakuna aliyeona haja ya kulinyoosha bodi. Miaka 2 kabla yake, 1969, Wajapani walikuwa wameshatengeneza filamu nzima kuhusu Datsun na Safari, kwa hiyo walijua vizuri walichokuwa wanakiweka kabatini: bodi iliyobonyea Afrika Mashariki ilikuwa na thamani kubwa kuliko iliyonyooka.

Thamani ya gari la kukusanywa, basi, ina vyanzo viwili, na watu huvichanganya. Kuna thamani ya ubikira, ile ya McLaren ya kilomita 390. Na kuna thamani ya wasifu: nani aliliendesha, wapi, na ushahidi uko wapi. Ferrari 250 GTO zilitengenezwa 36 kuanzia 1962 hadi 1964. Moja iliuzwa mnadani dola milioni 48.4 mwaka 2018, na miongoni mwa sifa zilizotangazwa mnadani ni mbio ilizoshinda. Nick Mason, mpiga ngoma wa Pink Floyd, ana GTO yake na amekuwa akiipeleka kwenye mashindano ya magari ya zamani kwa miongo. Huku kwetu sehemu kubwa ya wenye magari haya wanafuata thamani ya kwanza, ya ubikira, bila kujua kwamba hali ya hewa, barabara na ofisi za kodi za huku zimeshaiharibu kabla gari halijashuka melini.

Chukua Subaru Impreza 22B. Hilo ndilo jina linalotajwa kwa sauti ya chini. Mwaka 1998, kusherehekea ubingwa wa dunia wa rali wa viwanda mara 3 mfululizo, Subaru walitengeneza 400 kwa ajili ya Japani na machache sana kwa nje, Uingereza ikipata 16. Injini ya lita 2.2, milango 2, bodi iliyotanuliwa. Yale 400 yaliisha haraka kiasi kwamba hadithi za kasi ya kuisha kwake zimekuwa hadithi nyingine. Moja la majaribio lililokuwa mali ya Colin McRae, aliyeshinda Safari ya 1997 na Impreza, liliuzwa Uingereza mwaka 2023 kwa pauni 480,500.

Tuseme mtu wa Mwika mwenye uwezo ameliona moja na amelitaka. Bandarini Dar es Salaam linakuwa gari la 1998. Mbele ya kodi halina sifa nyingine. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 uko palepale, kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18 iko palepale, na kwa sababu limezidi miaka 10 tangu kutengenezwa, linabeba na ushuru wa uchakavu, ule uliowekwa kuzuia nchi isijazwe mikweche. Na kwa kuwa kodi inapigwa juu ya thamani, kadiri gari linavyokuwa hazina ndivyo adhabu ya uzee inavyokuwa nzito. Kenya ndiyo imefunga kabisa: gari la mtumba lililozidi miaka 8 haliingii. Afisa wa forodha hana kosa. Fomu yake haina mstari wa kuandika kwamba uzee wa hili ndio uzuri wake.

Likishaingia, soko liko wapi? Mkusanyaji wa Ulaya anatunza gari kwa sababu anajua siku akichoka ataliita mnada, watakuja watu 20 wanaojua tofauti ya bolti ya kiwanda na bolti ya Gerezani, Dar es Salaam. Nairobi kuna chembe ya hilo: tangu 1970 klabu ya wenye Alfa Romeo imekuwa ikiandaa shindano la urembo wa magari kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, ambako waamuzi wanapekua chini ya boneti wakitafuta tone la oili. Kilimanjaro hakuna jukwaa la namna hiyo. Atakayekuja kulinunua Mwika atauliza linakula mafuta kiasi gani, kisha ataomba punguzo kwa sababu lina milango 2.

Wachaga wanajua kutunza kitu kisichouzwa. Kihamba ndicho hicho: kinapita kwa baba, kinakwenda kwa mwana, kitinda mimba anabaki nyumbani kwa wazee, na anayekiuza anasemwa hadi kaburini. Lakini kihamba ukikiacha mwaka kinaota majani tu, ukirudi unafyeka. Gari ukiliacha mwaka linaoza kimyakimya.

*

Hapa inabidi kuingia bandani na kulifunua turubai, kwa sababu wengi wanaosema wanakusanya magari hawakusanyi chochote, wameegesha tu.

Turubai lenyewe ndilo adui wa kwanza. Plastiki haipumui. Mvua za masika upande huu wa mlima ni nzito, na Julai ukungu unashuka hadi kwenye migomba. Unyevu unaopanda kutoka sakafu ya udongo unagota kwenye plastiki, unarudi kama matone juu ya rangi na kwenye vikunjo vya milango. Kifuniko cha gari la kutunzwa ni cha kitambaa kinachopitisha hewa, na sakafu ni ya zege iliyowekewa nailoni chini yake. Banda la ng'ombe lina faida zake, lakini mkojo wa ng'ombe una amonia, na amonia na chuma hawajawahi kupatana.

Kisha matairi. Gari likisimama miezi 11 mahali pamoja, matairi yanapata ubapa upande wa chini, na likija kutembea linatetemeka kama lina wazimu. Wajuzi huyajaza upepo kuliko kawaida au huliinua gari juu ya stendi. Hata tairi lenye kashata nzuri linazeeka: ubavuni kuna tarakimu 4, na zikisomeka 2314 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Gari la kasi lenye matairi ya namna hiyo, hata yang'ae vipi, halifai kukimbizwa na mtu mwenye watoto.

Petroli inachacha ndani ya miezi. Sehemu zake nyepesi zinapeperuka, zinazobaki zinaacha utando kwenye pampu na nozeli. Mafuta ya breki yananyonya maji kutoka hewani, ndiyo maana hubadilishwa kila baada ya miaka 2 hivi hata kama hujakanyaga breki. Sahani ya klachi inaweza kugandana na gurudumu la injini kwa kutu. Alamu inakula betri taratibu hadi inakufa. Panya wanaotoka kwenye ghala la mahindi wanakuta nyaya zimefunikwa vizuri, pana joto, hapana paka.

Na sasa ule ushauri unaotolewa kila Januari getini: "Bwana mdogo, kila Jumamosi uliwashe dakika 10, halafu zima." Unatolewa kwa nia njema na unaharibu. Injini inapochoma petroli inazalisha maji pamoja na moshi. Ikitembea nusu saa na kupata joto kamili, maji hayo yanatoka yote kama mvuke. Ikiwashwa dakika 10 kwenye baridi ya Mwika, yanabaki kwenye bomba na kwenye oili, na Jumamosi inayofuata yanaongezewa mengine. Afadhali lisiwashwe kabisa, betri ikiwa imetolewa, kuliko kuwashwa kwa namna hiyo. Afadhali zaidi lishuke Himo na kurudi.

*

Meku anakaribia kushinda, lakini naye ana maswali ya kujibu. Litembezwe wapi?

Barabarani? Kutoka Mwika hadi Moshi kuna matuta, vivuko vya wanafunzi, bodaboda zenye mikungu ya ndizi, vibao vya 50, na trafiki mwenye tochi anayejua vizuri ni mteremko gani unawashawishi watu. Gari la farasi 280 linatumia humo nguvu zilezile ambazo Vitz inazitumia. Anayezidisha hapo anacheza na watoto wa watu.

Uwanja wa lami wa mashindano hakuna Kilimanjaro. Kuna rali, na Moshi na Arusha ndiko hasa mchezo huo unakoishi Tanzania, kwa sehemu kubwa kwa juhudi za familia za Kisikh za miji hiyo. Lakini gari la rali ni kazi nyingine. Kanuni zinataka nguzo za chuma zichomelewe ndani ya bodi, viti vya kawaida vitoke, mikanda ya kufunga mwili mzima, vizima moto. Ukishachomelea nguzo ndani ya 22B, thamani yake ya ukusanyaji imeondoka na cheche za welding. Na bima kubwa, soma vizuri yale maandishi madogo, kwa kawaida haigusi ajali ya mashindanoni.

Jambo moja linaupendelea mlima. Kadiri unavyopanda hewa inapungua, na injini inayovuta hewa yenyewe hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Gari lililokuwa moto Tanga linafika Mwika limepoa. Zenye tabo, kile kifaa kinachotumia moshi wa injini kusukumia hewa ndani, hazipotezi kiasi hicho. Ndiyo sababu Subaru iliyochoka inaiacha BMW isiyo na tabo kwenye kona za Marangu, na mwenye BMW anadhani ni uchawi.

Waliowahi kulijibu swali la meku kwa matendo ni watu wa Safari ya magari ya zamani, mashindano yaliyoanzishwa 2003, yenye makao Kenya na ambayo mara kadhaa yamevuka mpaka kuingia Tanzania na kulala Arusha. Humo Porsche, ile iliyoshindwa kwenye Safari yenyewe, imekuwa mfalme. Waldegård alishinda ya 2011 katika 911, akiwa ametimiza miaka 68 mwezi huohuo, kijana wake Mathias akimsomea njia; Waldegård mwenyewe alifariki 2014. Stig Blomqvist alishinda ya 2015, naye katika 911. Mwaka 2023 akashinda Baldev Chager wa Kenya, katika 911 tena.

Ukitazama magari hayo kwa haraka unadhani watu wamechukua Carrera RS za mamilioni wakazitupa kwenye vumbi la Tsavo. Sivyo. Mengi yamejengwa na gereji ya Tuthill ya Oxfordshire, Uingereza, na mbinu yao haina siri: wanachukua 911 ya kawaida ya zamani, isiyo na jina, wanaivua hadi bodi tupu, wanaiongezea vyuma, wanaiinua, wanaifunga upya yote kwa kazi hiyo. RS halisi inabaki gereji ilikokuwa. Linalokula tope ni binamu yake.

Hiyo ndiyo njia ambayo sura hii inaiegemea kwa mtu wa Mwika. Akitaka mbio, anunue Impreza ya kawaida ya mtumba, ambayo spea zake ziko hadi Himo, aichomelee nguzo, aibonyeze bila kulia. Anayedhani gari dogo la kawaida ni aibu akumbuke Safari ya 1993, ambapo Patrick Njiru wa Kenya alimaliza wa 12 na kushinda daraja lake ndani ya Subaru Vivio, kijigari cha injini ya sisi 660 ambacho Dar es Salaam kingeegeshwa mbele ya saluni.

Lile la machache aliendeshe. Asishindane nalo, aliendeshe tu: aende nalo kipaimara, alishushe Moshi kufanya sevisi, alipandishe Rombo hadi Tarakea asubuhi ya Jumapili barabara ikiwa tupu, na kila sevisi iandikwe kitabuni kwa tarehe, kilomita na risiti. Karatasi hizo ndizo wasifu. Mnunuzi wa London miaka 20 ijayo hatajali sana kwamba lilitembea kilomita 40,000. Atataka kujua zilitembewa wapi na nani alimwaga oili. Gari lenye miaka 25 ya picha za Krismasi chini ya Kibo na faili la risiti lina la kuonesha. Lililooza chini ya plastiki, likiwa na kilomita chache na injini iliyokwama, halina.

Yupo atakayeuliza: na kama litagongwa? Basi litagongwa. Atkinson aligongesha la kwake mara 2.

*

Tarehe 3 Januari, geti likiwa wazi, V8 inanguruma, watoto wameshafungwa mikanda, shangazi anapakia ndizi ng'ombe na mbuzi wa kuchoma waliobaki. Mwenye nyumba anamwita mpwa wake, yule anayesomea ufundi magari, anamwonesha msumari nyuma ya mlango wa jiko.

"Funguo iko hapo. Kila Jumamosi ya pili, asubuhi. Unaanza taratibu mpaka mshale wa joto upande. Unashuka Himo, unaweka mafuta ya elfu 20, unarudi. Hupakii mtu."

"Sawa, mjomba. Na turubai?"

"Lifunikie kuni."

"Na mvua ikinikuta njiani?"

Mjomba ameshakaa kwenye usukani. Anashusha kioo.

"Ukirudi lioshe chini, kwenye breki. Na uandike kilomita kwenye lile daftari."